Punda wa Verna na Jiwe la Orrin

Kazi ya Orrin Truesdell ilikuwa kukataa. Kompyuta ya kituo cha darubini, mlimani nje ya mji wa Tucson, Arizona, ilimletea picha nne za kipande kilekile cha anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika chache. Akiona doa linahama, aseme ni jiwe la angani. Akiona ni uchafu wa kioo au mng'ao wa nyota, alifute. Alifanya hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na mawe aliyoyapata yote yalipita mbali, hayana habari na mtu.

Dada yake Verna, aliyeishi bondeni na punda wanne wazee waliotupwa na wenyewe, hakumwacha apumue. Kila Jumapili, mezani, mbele ya watu: "Haya, mlinzi wa dunia! Limeanguka?"

"Bado, dada."

"Basi pitisha maharage. Marehemu baba alikufa akiuliza hasa unafanya kazi gani."

Watu walicheka. Orrin naye alicheka, huku moyoni akimchukia.

Ndipo mwezi wa tano akalipata jiwe lenyewe, kubwa kama jengo la ghorofa. Hesabu zilisema huenda mwezi wa kumi likaipiga dunia, na njia yake ilipita juu ya Arizona ya kusini. Uwezekano ulikuwa mdogo, ila si wa kuchezea. Kisha jiwe likazama kwenye mwanga wa jua, na kwa wiki kadhaa hakuna darubini ambayo ingeliona. Redio zikamtaja Orrin. Jumapili ile hakucheka mtu.

"Mdogo wangu, niambie kweli," Verna alisema. "Litatuangukia?"

Orrin angeweza kumwambia kwamba, kwa hesabu zilezile, lilielekea zaidi kupita kuliko kuanguka. Badala yake alipaka siagi mkate wake, taratibu. "Ningekuwa wewe, nisingehangaika kununua nyasi za msimu wa baridi kwa ajili ya wale punda."

Ilikuwa tamu. Sina haja ya kumpamba. Ilikuwa tamu mpaka kwenye ncha za vidole.

Kesho yake alipekua picha za zamani. Ndiyo desturi yao: jiwe likishajulikana, huangaliwa kama liliwahi kupigwa picha bila mtu kulitambua. Akalikuta limejibanza kando ya nyota angavu, kwenye picha za miaka iliyopita, za zamu yake mwenyewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifuta kama uchafu. Alipoingiza kwenye hesabu mahali lilipokuwa wakati ule, hatari iliisha kabisa. Lingepita mbali kuliko mwezi.

Angeituma picha ile, watu wangelala usingizi. Lakini jikoni mwa kituo kulikuwa na ubao ambapo kila jiwe lililompita mtu bila kulitambua lilibandikwa, pamoja na jina lake na matusi ya wenzake. Na Verna naye angeanza upya, safari hii akimwita mlinzi kipofu. Orrin akaifunga picha. Acha atetemeke kidogo, alijiambia, amenicheka maisha yangu yote.

Wiki ile Verna alimpigia simu kila siku. "Hakuna anayewataka punda hawa, Orrin. Wamezeeka, hawawezi safari. Niwaache waungue?"

"Amua mwenyewe, dada."

Ijumaa mkuu wa kituo alitangaza kwamba Jumatatu picha zote za zamani zingepekuliwa na watu wengine. Hapo Orrin akapatwa na uaminifu wa ghafla. Jumamosi asubuhi aliituma picha, akapanda pikapu yake, akateremka bondeni akiwa ameshajiandaa kushukuriwa.

Verna alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, viatu vimejaa udongo. Zizi lilikuwa wazi, na nyuma yake trekta la jirani lilikuwa likisawazisha shimo kubwa.

"Daktari wa mifugo alikuja jana na sindano zake," alisema. "Yule jike mweupe alikataa kulala. Ilibidi nimshike kichwa."

"Verna... halianguki. Limepatikana kwenye picha za zamani. Litapita mbali."

"Umejua lini?"

Orrin alilamba midomo. "Leo. Asubuhi hii."

Verna akaangua kilio. Akaushika mkono wa mdogo wake kwa mikono yake miwili yenye udongo, akaubusu.

"Ukaacha kila kitu ukaja mbio kuniambia," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu. Miaka yote hii nimekucheka bure."