Mtungi wa Wageni Uwanjani Newala

Harufu ya majivu ndiyo inayonirudisha kwenye uwanja ule. Chokaa hatukuwa nayo, basi mistari ilichorwa kwa majivu ya jikoni, na upepo wa huku juu uliyapeperusha mpaka puani. Uwanja wenyewe ulikuwa wa kila jambo. Sala ya Idd ilisaliwa pale, askari walipiga gwaride pale mbele ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya, vijana waliotoka jandoni walichezewa ngoma palepale, na msimu wa korosho watu walizianika humo humo. Siku ya mpira wachezaji walianza kwa kuanua mikeka ya korosho jua likiwachoma. Wala hakuna aliyenung'unika. Lililotutesa Newala lilikuwa maji. Chemchemi iko chini bondeni, na mama zetu waliteremka alfajiri wakapanda mlima na mitungi kichwani.

Msimu ninaoukumbuka, kaka yangu Saidi alikuwa golikipa wetu. Baba alishasema wazi kwamba asipochaguliwa timu ya jimbo safari ile, ataandikishwa kwenda kukata mkonge. Mjomba wetu alikwenda mkonge, hakurudi. Mimi ni mwoga wa kusema mbele za watu, tangu zamani, kwa hiyo sikumwambia mtu yeyote jinsi nilivyoogopa. Niliomba tu kimoyomoyo. Na mwalimu wa kuchagua wachezaji alikuwa amekuja, amekaa kitini na kofia yake.

Timu ya Masasi ilifika kwa lori, watu wamesimama nyuma wakiimba. Wamakua wale ni watani zetu. "Nyie Wamakonde, mnaoga lini?" mmoja akapaza sauti. "Siku mkituletea mvua!" mama akamjibu, watu wakacheka. Kisha akaniwekea mtungi wa maji na kata kando ya goli. "Haya ya wageni. Mwenyeji asiguse mpaka wao watosheke." Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa.

Mpaka mapumziko hapakuwa na bao. Masasi wakauzunguka mtungi, wakanywa, nikaona maji yakishuka mpaka karibu na kitako. Saidi akaja, midomo imepasuka, macho mekundu kwa vumbi. Akaninong'oneza, "Mdogo wangu, hata funda moja." Nikamtazama mama, mama akatazama pembeni. Nilishika kata kwa mikono miwili kama mwizi aliyekamatwa. Saidi akageuka, akayumba, akashika mlingoti wa goli.

Zamu ilikuwa imefika kwa sentafowadi wao, Yohana, jitu refu la Lupaso. Alipokea kata ikiwa imejaa, akaishusha. "Shikamoo, Mama Saidi."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa."

"Sinywi mpaka huyu anywe. Mtani wangu akifa kwa kiu, nitamtania nani?"

Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Mgeni akishatoa mwenyewe, nani atakataa? Saidi akanywa yote, Yohana akapata matone ya mwisho.

Jioni ilipokaribia, Yohana huyohuyo akapiga shuti ambalo mpaka leo nasikia mlio wake. Saidi akaruka, akalidaka, akaanguka nalo kifuani. Yohana akajishika kichwa, akapiga kelele uwanja mzima ukasikia: "Wewe! Nirudishie maji yangu!" Hata yule mwalimu alivua kofia akacheka. Tulitoka sare, na Saidi akachaguliwa. Baba alimtandikia kaka mkeka tu, akamwambia alale.

Sasa mimi nasoma sekondari, na likizo hii nimekuta bomba pembeni mwa uwanja. Shingo ya mama imepumzika, na simtakii mtu yeyote ule mlima. Wachezaji wa Masasi wakija siku hizi huenda bombani wenyewe, huinama, hunywa, hurudi kucheza. Jana nilikaa nikawatazama. Hakuna aliyemwamkia mtu.