Fishi Moja Kabla ya Kuondoka

Begi langu lilikuwa limefungwa tangu alfajiri. Basi la Kolwezi lilikuwa linatoka saa nane mchana, na mimi, fundi wa kompyuta, nimekuwa mtu wa kuondoka tangu nilipomaliza sekondari: Likasi, Kasumbalesa, Ndola, kisha kurudi. Nilibakiza kazi moja tu, katika nyumba ya uzazi huko Ruashi, Lubumbashi.

Kompyuta yao kubwa ilibeba ndani yake mashine pepe mbili, yaani kompyuta mbili za programu tu: moja ya dawa, nyingine ya fishi, kadi za vipimo za akina mama. Hii ya pili ilikuwa imejaa. Tangu juzi ilikuwa haipokei jina jipya, na wauguzi waliandika kwenye karatasi ambazo zilikuwa zimeanza kupotea. Mama mmoja wa Naviundu, mwenye mimba ya mapacha, alikuwa amepimwa mara mbili na vipimo vyote havikuonekana tena. Asubuhi ile alikuwa kwenye benchi, akingoja mara ya tatu.

Nilinakili kila kitu kwanza. Kisha nikafunga diski mpya, nikaiunganisha na hifadhi ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ile kubwa, nikaipa mashine ya fishi nafasi mara mbili ya ile ya zamani. Skrini ikaonyesha ukubwa mpya. Nikabeba begi.

Muuguzi mkuu, mama mwenye asili ya Maniema, alikuwa mlangoni. Kwake hakuna fundi aliyetoka, hata wa bomba, kabla yeye hajaona kazi inatembea. Nilimweleza habari za basi.

"Utaenda, papa," alisema. "Andika kwanza fishi ya ule mama wa mapacha, nione."

Nikaandika. Mashine ikajibu kwamba imejaa.

Nilikaa chini. Hakunikaripia. Alinimiminia chai, akasimulia jinsi mwashi alivyompanulia yeye chumba cha kulala upande wa uani, akasahau kubomoa ukuta wa zamani. Wiki mbili mama huyo alilala palepale padogo, nafasi mpya ikiwa nyuma ya kichwa chake.

"Na weye ni vile. Ulipanua lupango, kiwanja chote, lakini kibambazi cha mu kati, ule ukuta, ukakiacha."

Wauguzi walicheka, nami nikacheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Diski ilikuwa imekua kwa nje, lakini ndani ya mashine mafaili yalikuwa bado yanaishia kwenye mpaka wa zamani. Niliingia ndani, nikausogeza mpaka, nikatandaza nafasi ya mafaili hadi mwisho wa diski. Nikaandika tena. Safari hii jina lilikaa, na mama wa Naviundu akaitwa.

Basi lilikuwa limekwenda. Nililala mtaa wa Makomeno kwa dada yangu, na tangu hapo nimehama miji mitatu, na kote sijabeba begi kabla mwenye kazi hajaandika kitu mbele yangu.

Nikipita Lubumbashi, naanzia Ruashi kumsalimu yule muuguzi mkuu. Huniuliza kama nimekula, kisha hunionyesha kilichoharibika. Mara ya mwisho alinifungulia pia fishi mbili za mapacha, zimejazwa hadi chanjo ya mwisho.