Mwalimu wa Mabano

Mwalimu wa kemia wa shule ya Junda huandika kwa mkono wa kushoto, na afikapo kwenye mabano huikandamiza chaki mpaka ikalia. "Ukitaka salfeti tatu," husema kwa sauti nzito isiyopanda, "ifunge kwanza, ndipo uweke tatu nje."

Jumatatu naibu mkuu wa shule aliingia darasani, mwanafunzi Kahaso akiwa ubaoni. "Huyu tumemtoa kemia. Atatushushia wastani."

Machozi yakamlenga Kahaso. Mwalimu hata hakugeuka. "Andika aluminiamu salfeti, mwanangu."

Kahaso akaandika Al₂(SO₄)₃, akiyakandamiza mabano yote mawili.

Mwalimu akamnyoshea naibu kifutio. "Haya, bwana. Palipo na kosa, futa."

Naibu aliutazama ubao kitambo. Kifutio hakukipokea.

"Kesho ukae mbele, Kahaso," mwalimu akasema, akaandika swali jingine.