Spana ya Verlene

Wifi yangu Verlene hajawahi kupita mbele ya kitu kinachovuja akakiacha kivuje. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo iliyokaribia kumkosesha leseni.

Miaka ishirini alitengeneza nyumba za kupanga huku kwetu Marekani, kwenye milima ya Appalachia, mabomba, ngazi na mapaa, mpaka magoti yakamgomea. Alipofika hamsini na mbili akatangaza kwamba atakuwa mkaguzi wa nyumba: yule anayeitwa kabla mtu hajanunua, aingie uvunguni mwa nyumba, apande darini, aandike kila ubovu kwenye ripoti. Kaka yangu, mumewe, alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

"Wewe? Si shule uliikimbia!"

"Niliikimbia shule, sikuikimbia akili. Ukimaliza kucheka, osha hivyo vyombo."

Akasoma kwenye meza ya jikoni msimu mzima wa baridi. Mtihani ukamwangusha mara ya kwanza, mara ya pili akauangusha yeye. Kilichobaki ni kukagua nyumba chache chini ya macho ya mkaguzi mwenye leseni, naye atie saini kwa kila moja. Katika wilaya yetu mkaguzi huyo ni mmoja tu, Mzee Dwight Amburgey, mtu mkavu kama mkate wa juzi.

Mambo yalikwenda vizuri hadi nyumba ya mwisho. Verlene alilala chali chini ya sinki akaona nati inatoa matone. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, ukatoa spana, ukakaza. Akainuka anajisikia kama kuku aliyetaga.

"Imekwisha hiyo!"

Mzee Dwight akairudisha kalamu yake mfukoni. "Sitii saini."

"Nimeitengeneza!"

"Ndiyo maana. Mnunuzi katulipa tumwambie nyumba ina nini. Wewe umefuta ubovu kabla hajausoma. Mwezi ujao nati ikilegea, atauliza mkaguzi alikuwa wapi. Sisi ni macho, mama. Nakupa nyumba moja zaidi. Ukirudia, mimi na wewe basi."

Jioni hiyo Verlene alikuja kwangu, akaitua spana mezani kati ya maharage na mkate wa mahindi.

"Wifi, niwekee. Nikija kuiomba kabla sijapata leseni, ninyime."

"Wenzio huacha pombe, wewe unaacha spana."

"Nicheke tu. Saini ile naitaka, na nitaipata."

Nyumba aliyopewa ikawa ya Oma Fugate, anayeimba naye kwaya, bega kwa bega. Mzee Dwight akiwa bado nje anatazama paa, Verlene akafungua kabati la sinki la jikoni: bomba linadondosha, chini kumetegwa sufuria. Na Oma huyo hapo nyuma yake, spana mkononi!

"Kaza hapo mpenzi, mara mbili tu. Hao wanunuzi vijana, waoga, watakimbia."

"Siwezi, Oma."

"Huwezi? Si juzijuzi tu ulinitengenezea choo, mchungaji anasubiri mlangoni!"

"Sikuja kama mkaguzi siku ile."

"Basi njoo kesho, hakuna atakayejua."

"Hata kesho. Nyumba niliyoikagua siitii mkono. Mwite fundi."

"Kumbe leseni inaua urafiki!"

Verlene aliniambia viganja vilimwasha kama kashika upupu. Akaviweka chini ya makwapa, akahesabu matone kwa dakika moja nzima, ndipo akashika kalamu akaandika: bomba la sinki linavuja, matone kumi na manne kwa dakika, ubao wa chini umeoza. Ubao ule asingeuona kama angekaza nati na kufunga kabati. Mzee Dwight akaingia, akasoma, akainama kuubonyeza ubao kwa kidole, kidole kikazama. Akatia saini palepale juu ya sinki.

Oma aliita fundi, nyumba ikauzika. Lakini kwenye kwaya amehamia mstari wa nyuma, na salamu anatoa kwa kidevu.

Leseni ilipofika kwa posta, Verlene alikuja nayo ndani ya bahasha, hata kuketi hakuketi.

"Lete spana yangu."

"Utaanza tena?"

"Nyumba yako sijaikagua, na koki yako nimeisikia ikidondosha tangu barazani."

Nikampa.