Mabomba Matupu ya Ghorofa ya Tatu

Miaka kumi na tisa Mama Pacha amefagia ofisi ya wasanifu wa majengo, ghorofa ya tatu, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaona nini. Kusoma hajui. Lakini kila karatasi ndefu ya michoro, iliyoviringwa, inapoisha kwenye mashine ya kuchapia, hubaki bomba la boksi gumu, na anayeyatoa mabomba hayo ni yeye. Akitoa matano kwa wiki, mwaka unaofuata malori ya saruji hayalali: shule, maghala na maduka yanaota kila kona. Mabomba yakipungua, mwaka unaofuata mafundi wanacheza karata kivulini. Ameshayaona hayo mara mbili.

Kisha ukaja mwezi ambao mzima wake alitoa bomba moja tu.

Alirudi nyumbani mbio, kwa sababu mumewe, fundi zege, alikuwa anataka kuuza kiwanja anunue mashine ya kuchanganyia zege. Kiwanja chenyewe Mama Pacha aliachiwa na mama yake. Hati ina jina la mume. Siku ya kuandikisha mumewe alimwambia, "Kalamu yenyewe huwezi kuishika, niachie mimi." Akamwachia.

"Baba Pacha, usiuze. Ngoja mwaka upite."

"Ningoje nini? Mji mzima unajengwa, huoni?"

"Hayo majengo yalichorwa zamani. Sasa hivi hawachori. Mabomba yamekwisha."

Wifi yake, aliyekuwa akichambua mchele, alicheka hadi ungo ukamponyoka. "Jamani! Wenzetu wanasikiliza taarifa ya habari, wifi yangu anasikiliza jalala!"

"Okota mchele wako, wifi."

Mumewe hakucheka. "Wewe ni mfagiaji. Fagia."

Wiki ileile kiwanja kikaenda. Mashine ikaja, mpya, ya rangi ya chungwa. Kwa miezi saba ilizunguka kweli, majirani wakamwita mumewe bosi, na wifi akawa anauliza kila asubuhi, "Jalala limesemaje leo?" Mama Pacha alichukua mkoba wake akaenda kazini.

Mwezi wa nane ghala la mwisho likakamilika, na hapakuwa na msingi mwingine wa kuchimba. Mashine ikarudishwa uani, ikaziba nusu ya mlango wa jikoni. Hakuna anayeikodi, hakuna anayeinunua. Tangu hapo Mama Pacha huingia kupika kwa ubavu, sufuria juu ya kichwa.

Asubuhi moja mumewe alimsubiri kwenye mlango wa jikoni, macho chini. "Mama Pacha, huko ofisini... mabomba vipi?"

Jana yake Mama Pacha alikuwa ametoa mawili kwa siku moja.

"Mimi ni mfagiaji, Baba Pacha."

Akajipenyeza kati ya mashine na ukuta, akatoka. Njia ya kazini ni moja tu, inapita kwenye kiwanja cha mama yake, ambacho sasa kimezungushiwa mabati ya watu. Kila siku hujiambia leo atapitiliza hadi kituo cha mabasi na asirudi tena nyumba ile. Lakini siku hizi wote wanakula kwa ufagio wake: mume, wifi, na wanawe pacha walio shuleni. Akaongeza mwendo asichelewe.