Verediana na Kesi ya Moto

Dada Verediana, binti wa baba yangu mkubwa, aliishia darasa la saba. Anauza dagaa Ujiji, na mahakama ya mwanzo humwita kutafsiri kila anapopatikana shahidi anayejua Kiha tu. Huko ndiko alikojifunza kutosema "anasema kwamba." Shahidi akisema "niliiba mbuzi," Verediana naye husema "niliiba mbuzi," macho chini, kana kwamba mbuzi yuko kwake.

Mimi nina shahada. Kiingereza nakijua, ila mbele za watu sauti hainitoki. Kwa hiyo Pastory alipoleta gemu ya mahakama kwenye banda lake la gemu Buzebazeba, maandishi yote Kiingereza, tuligawana kazi: mimi nanong'ona tafsiri, Verediana anaisema kwa sauti.

Gemu yenyewe ilikuwa na kasoro. Kesi ya saa iliyoibwa ilijivuta siku mbili, na ukitoa ushahidi sahihi kabla ya zamu yake, hakimu anakukaripia.

"Huyu hakimu kalala njaa!" watu walicheka.

Lakini kesi ya mwisho ilijaza banda. Wakili, binti kijana, alikuwa akimtetea mama yake aliyekiri kuchoma nyumba ya watu. Hata mama yangu alikuja, yeye ambaye tangu nianze shule hajawahi kunisikiliza nikisoma ukurasa mzima.

Nilinong'ona "mwanangu." Verediana akalisema kwa Kiha, "mwana wanje," na Mama akajishika kifua.

"Veredi, Mungu kakupa kipaji, mwanangu!"

Maneno nilikuwa nimeyachagua mimi, moja moja. Nilikaa nyuma ya bega la Verediana nikiyasikia yakisifiwa kwa jina lake.

Ndipo wakili akagundua kwamba nyumba iliungua kwa mshumaa aliousahau yeye mwenyewe. Akamgeukia mama yake. Jibu la mama likatokea kwenye skrini. Nililisoma, nikanyamaza.

"Wema, sema basi," Verediana alininong'oneza.

Nilitaka akwame, Mama akiona.

Angeweza kubuni chochote; hakuna ambaye angejua. Aligeukia watu akasema, "Shahidi hajasema. Siwezi kumsemea."

"Msomi kameza kamusi!" mtu akapiga kelele.

Uso uliniwaka. Nikasimama, nikasema mwenyewe, kwa sauti niliyodhani ni kubwa: "Nilijua ni wewe. Ndiyo maana nilikiri."

Nikamtazama Mama.

"Kasemaje?" alimwuliza Verediana. "Hebu sema wewe, Veredi, nisikie."

Verediana aliniangalia, akingoja ruhusa yangu. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa watu wote walikuwa wakinitazama.

Alilirudia jibu neno kwa neno, bila kuongeza hata moja. Mama akalia, mkono wake juu ya goti la Verediana.