Chura wa Kwenye Kanzu

Mume wangu alipochukuliwa uaskari, wakati wa vita vikuu vya pili, nilikuwa sijatimiza hata mwaka nyumbani kwao. Mimi ni mzaliwa wa Soga. Niliolewa Kisarawe, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, nikaishi na mume wangu na mama yake. Tulimsindikiza mpaka stesheni ya Pugu. Tuliporudi, mavyaa wangu aliichukua kanzu ya Ijumaa ya mwanawe, akaitundika kwenye kigingi ukutani, juu ya mtungi wa maji. Alisema isiguswe mpaka mwenyewe arudi.

Chura aliingia wakati wa masika. Alikuwa wa aina ile inayokaa mitini, rangi ya gome, vidole vyake vina vifundo vya mviringo mwishoni. Asubuhi moja nilimkuta amekaa begani pa kanzu, ametulia. Nilichukua ufagio nimtoe, lakini mavyaa alinishika mkono. Aliniambia nimwache, kama kachagua mahali pale basi ana sababu yake.

Akawa wetu. Mvua ikikatika tuliokota kumbikumbi, siku nyingine panzi, siku nyingine mende wa jikoni. Mavyaa alimchoma mdudu kwenye ncha ya ujiti wa ufagio, akaupeleka taratibu mpaka karibu na mdomo. Chura alimnyakua, kisha akafumba macho kwa nguvu, macho yakazama kichwani kana kwamba ndiyo yanayosukuma chakula kishuke. Tulicheka sana kwa jambo hilo. Habari za mume wangu zilikuwa haziji, na mle ndani hakukuwa na kingine cha kutuchekesha.

Kiangazi kilipoingia, alikataa kula. Kwanza alikataa panzi, tukadhani ameshiba. Kisha nikaona nzi anatembea juu ya kichwa chake, anapita kando ya jicho, naye hashtuki. Alikuwa ameikunja miguu yote chini ya tumbo. Rangi yake nayo ilianza kutoka. Alipauka kama majivu, halafu akawa mweupe kama chokaa, mweupe kama ile kanzu yenyewe. Ukiingia ndani kutoka juani humwoni. Unaona kanzu tu, mpaka ghafla mnakutana macho.

Nilifanya kila nililoweza. Nilimnyunyizia maji. Nilichimbua mchwa hai kwenye kichuguu, nikawaweka mbele yake, wakatembea wakaondoka. Nilijaribu kumfungua mdomo kwa ukucha, nikaogopa kumvunja. Siku moja nilimbeba asubuhi nikamweka kwenye tuta la mchicha, penye unyevu, nikidhani anataka nje. Alasiri nilipoingia kuchota maji, alikuwa begani pa kanzu. Mavyaa alikuwa shamba mchana kutwa. Nilikuwa nimekaa mlangoni nasuka ukili, na sikumwona akipita.

Hapo ndipo mavyaa naye alipoanza kuacha chakula. Nilimtengea ugali wa muhogo na kisamvu, akanawa, akamega tonge moja, akalirudisha.

"Hajala," alisema. "Nami njaa sina."

Nilidhani anamsema chura. Kisha nikamsikia, nikiwa jikoni, akizungumza kwa sauti ya chini mbele ya ule ukuta: "Huko hawakupi chakula, baba?" Alinyamaza kidogo, kama anayepisha jibu, halafu akaitikia, "Haya."

Tangu siku hiyo alikunywa maji tu, na uji kidogo nikimbembeleza. Vifundo vya mikono yake vilichomoza. Mchana alikaa kwenye kigoda akimtazama chura, chura akimtazama yeye, na hakuna aliyepepesa. Mimi nilipita katikati yao na ndoo yangu ya maji nikijihisi mgeni.

Siku moja nilikwenda msituni kutafuta kuni, kwenye mteremko upande wa Pugu. Ilikuwa saa ya jua kali, ndege wamenyamaza. Nilitokea mahali penye mti mmoja uliopukutisha majani yote, na matawini niliona vitu vyeupe. Nilidhani ni maua. Niliposogea nikaona vina macho.

Walikuwa vyura. Kila panda ya tawi ilikuwa na wake, weupe kama chokaa, miguu imekunjwa, wamekaa katika jua ambalo chura mwingine lingemkausha mchana mmoja. Hakuna aliyetikisika. Nilitua mzigo wangu bila kishindo, jinsi mtu anavyotua kitu akiingia nyumba yenye msiba. Nilisimama pale mpaka nikaona koo la mmoja wao linapanda na kushuka, kidogo mno. Basi wako hai, nikasema moyoni. Ndivyo wanavyokaa wakati wa ukame, na wa kwetu hana ugonjwa. Nilifurahi nikasahau kuni.

Kesho yake nilimpeleka mavyaa. Alitembea ameniegemea, tukipumzika kila penye kivuli. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba ni maumbile yao tu, arudi kwenye chakula. Alisimama chini ya mti akawatazama mmoja mmoja, tawi kwa tawi. Kisha akanigeukia.

"Na hawa wengine," aliniuliza, "ni watoto wa nani?"

Tuliporudi alikunywa uji bakuli zima. Alisema sasa moyo wake umetua kidogo, kwa kuwa mwanawe hayuko peke yake huko aliko.

Nilishukuru kwa uji ule, lakini mambo hayakuishia hapo. Kila asubuhi mavyaa alikwenda kwenye mti. Jirani yetu, mjane ambaye mwanawe wa pekee aliondoka siku moja na mume wangu, aliuliza anakwenda wapi, akafuatana naye. Alipofika aliuliza, bila mzaha wowote, wake ni yupi. Mavyaa alimwonyesha kwa kidevu mmoja aliyekaa kwenye panda ya chini. Baada yake wakaja wengine wenye watoto vitani. Walichukua maji kwenye vibuyu wakayamwaga shinani. Walizungumza kwa kunong'ona, na kila mmoja alisimama upande wa tawi lake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipata habari, akaja barazani kwetu kusema kwamba jambo hilo haliwafai Waislamu. Wanawake walimsikiliza kwa adabu, wakamjibu kwamba wao hufuata kuni tu.

Asubuhi moja mimi na mavyaa tulitangulia kufika, tukakuta panda ya chini haina kitu. Tulitafuta nyasini chini ya mti, hatukuona hata ngozi. Nilisema pengine ni ndege. Jirani alipofika aliitazama ile panda, kisha akatutazama sisi.

"Wangu yuko wapi?"

"Amehama tawi," mavyaa alimwambia. "Yule pale juu."

Jirani aliinua macho akakubali, au alijifanya kukubali. Mvua zilikuwa hazijaanza bado jumbe alipokuja kwake na habari kwamba kijana amefariki ng'ambo na amezikwa hukohuko. Mambo hayo mawili sikuona yanaungana wapi, lakini mpaka leo sijaweza kulikumbuka moja bila lingine.

Baada ya matanga hakuna aliyekwenda tena kwenye mti. Waliogopa kutazama wakakosa. Jirani peke yake ndiye aliyeonekana akielekea huko, mikono mitupu.

Vuli ilianza alasiri, kwa mvua nzito iliyovujisha makuti. Nilikuwa nasogeza vyungu chini ya matone nilipomwona chura amenyoosha mguu mmoja. Mgongoni alikuwa na madoa ya hudhurungi. Nilikimbia nje nikadaka kumbikumbi, nikampelekea kwa ujiti. Alimnyakua akafumba macho. Mavyaa alikaa chini pale pale penye tope la mtungi, akajifunika uso kwa kaniki akalia.

Asubuhi yake mti ulikuwa mtupu. Wanawake wawili waliokwenda kuuona walirudi mbio, wakilia majina ya watoto wao, maana kwao panda tupu ilikuwa na maana moja tu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaeleza kwamba vyura wamefuata maji. Niliwapeleka bwawani kuona mapovu meupe waliyotagia, yamening'inia juu ya maji. Baadhi waliamini. Baadhi waliniuliza kwa nini wetu ndiye aliyeonekana anakula. Hata chura wetu alipotoka siku chache baadaye na asirudi, bado kuna waliopita mbele ya nyumba yetu bila kubisha hodi.

Mume wangu alirudi baada ya vita kwisha, amekonda, ana kikohozi. Watu walijaa uwanjani. Jirani alikuja mwisho, wengine walipokwisha kutawanyika. Mume wangu alimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi mkekani. Jirani alimuuliza kama alikutana na mwanawe huko. Mume wangu alimwambia kwamba walitenganishwa kabla ya kupanda meli, hakumwona tena. Yule mama alitikisa kichwa kama aliyekuwa akilijua jibu hilo.

Nilikuwa nimeleta wali na kuku. Mume wangu aliona haya kula mbele ya mfiwa, akaisogeza sahani kando.

"Kula, baba," jirani alimwambia. "Nimekuja kukuona ukila."

Basi akala. Yule mama alilifuata kila tonge kwa macho, kutoka sahanini mpaka mdomoni, hadi wali ulipokwisha. Kisha alisimama, akajifunga vizuri kaniki yake, akaaga. Mavyaa alimsindikiza mpaka kwake, wakakaa wote wawili kizingitini hadi adhana ya magharibi.